Siku Arubaini za Tikiti

Mazungumzo ya leo nimeyaelekeza kwa wenye uani hapa Mombasa: Tononoka, Majengo, Bondeni, Tudor, hata wale wa Mji wa Kale ambao uani wao ni paa la gorofa. Nataka tuzungumze juu ya tikiti. Si lile la kununua Marikiti au Kongowea likaletwa nyumbani kwa tuktuk, bali lile unalolipanda mwenyewe kwa mbegu, ukalimwagilia, ukalingojea, na siku ya kulipasua likawa tamu.

Hilo la utamu ndilo linalowashinda watu. Kuota linaota, kwa joto letu mbegu ya tikiti hutoa kichwa kwa siku 4 mpaka 7. Kuzaa pia linazaa. Lakini wengi waliojaribu hapa kisiwani hulipasua wakakuta nyama ya waridi iliyofifia, ladha hakuna, kisha lawama zote zikamwendea muuza mbegu. Mimi nasema muuza mbegu asilaumiwe haraka. Mbegu ina sehemu yake, na nitaifikia. Ila utamu wenyewe huingia tundani katika siku 35 hadi 40 baada ya ua jike kuchavushwa, na siku hizo ndizo tunazozipoteza: ama kwa kuutwika mmea matunda mengi, ama kwa kuyaacha majani yaharibike, ama kwa kukosa subira.

Ndizi ukiikata mbichi ukaivumbika, inaiva na kuwa tamu, kwa sababu ndani yake mna wanga, na wanga huo hugeuka sukari. Tikiti halina akiba hiyo. Sukari yake hutengenezwa na majani kwa nguvu ya jua, ikapita kwenye kikonyo mpaka ndani ya tunda. Ukishakikata kikonyo, basi. Liweke mezani wiki nzima, litalainika tu, utamu hauongezeki. Na lipo jambo la pili ambalo wengi hawalijui: tunda hujenga mwili kwanza. Wiki mbili tatu za mwanzo linavimba upesi, kila asubuhi unaliona limezidi, na roho inakwambia limekaribia. Kumbe ukubwa limeshaupata na sukari bado. Sehemu kubwa ya sukari huingia mwishoni, kukua kukiwa kumeshapungua. Ndiyo maana nasema tikiti lihesabiwe siku zake kama mzazi wa pwani anavyohesabiwa arubaini, wala asitolewe nje mapema kwa kuwa tu anaonekana ana nguvu. Siku ua jike linapochavushwa, lifungie uzi wa rangi kwenye kikonyo, uandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Aina ndogo zitatimiza kwa siku 35 hivi, kubwa zitataka 40 na zaidi kidogo.

Kwa kuwa sukari ni kazi ya majani, hesabu nyingine ni ya matunda. Mtikiti uliopandwa ndani ya gunia uachie tunda moja. Uliopandwa ardhini kwenye udongo mzuri, mawili. Najua inauma kukata vitikiti vichanga vyenye manyoya yao laini, na bibi wa nyumba atakuuliza kwa nini unatupa riziki. Mwambie majani yaleyale yatagawa sukari ileile kwa matunda matano, na yote matano yatakuwa chapwa. Chagua lile lililoshika katikati ya tawi lake refu litambaalo, si lile la karibu na shina, ambalo mara nyingi hubaki dogo na kupinda. Na majani usiyapunguze kwa kutaka bustani ionekane nadhifu. Jani bichi lenye afya ni mali.

Sasa msimu. Tikiti linataka joto na jua, na wakati wa maua linataka ukavu. Mvua ikinyesha asubuhi maua yamefunguka, chavua inaharibika na nyuki hawatoki. Mvua ikiendelea, ukungu unashika majani. Kwa hiyo masika ya Aprili mpaka Juni tuyaachie mchicha na kunde. Msimu wetu hasa ni Kaskazi, Desemba mpaka Machi, anga ikiwa wazi na joto la mchana likipanda zaidi ya nyuzi 30. Panda mwishoni mwa vuli, mche ule ushike kwa mvua za mwisho, kisha jua lifanye kazi yake.

Na miaka hii Mwenyezi Mungu ametupa jambo la kufurahisha, Ramadhani imerudi ndani ya Kaskazi. Ile ya mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, mwezi ukiandama. Hakuna nyumba Mombasa ambayo haijui thamani ya kipande cha tikiti baridi baada ya tende, kabla hata mkono haujafika kwenye viazi vya karai. Tunda hili zaidi ya sehemu 90 kwa 100 ni maji, na mwili uliofunga kutwa katika joto la Februari unayahitaji. Basi hesabu kinyumenyume. Aina ya mapema huchukua siku 80 hivi kutoka mbegu mpaka kisu. Anayetaka kufuturu kwa tikiti la uani kwake wiki ya kwanza, mbegu iwe ardhini kabla ya tarehe 20 Novemba. Na ukipanda mashimo mengine wiki mbili baadaye, utakuwa na la kumi la mwisho pia. Mwaka unaofuata sogeza nyuma siku 10 au 11, kama mwezi unavyosogea.

Wapo watakaoniambia kisiwani hapalimwi. Hoja hiyo ina umri. Ibn Battuta alipolala hapa Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki hawalimi nafaka, huletewa kutoka bara. Lakini msafiri huyohuyo aliandika pia juu ya matunda yaliyokuwapo: ndizi, ndimu, na zambarau ambazo utamu wake aliusifu. Nafaka inataka shamba. Tunda linataka uani na mtu wa kuliangalia. Na kweli uani unapungua. Buxton, jirani zetu hapa, nyumba za zamani zenye nafasi mbele na nyuma zimebomolewa, magorofa yamesimama. Mwenye kipande cha ardhi chenye jua la saa sita mchana na kuendelea, hata kama ni dhiraa chache tu kati ya ukuta na tangi la maji, ana kitu ambacho watoto wake huenda wasikione.

Udongo wetu tuuelewe, maana hapa ndipo ushauri wa bara unapotupoteza. Chini ya Tononoka ni mwamba wa matumbawe. Chimba kidogo tu jembe linalia. Udongo wa juu ni mwembamba, mara nyingi umechanganyika na vifusi vya nyumba, na una chokaa nyingi. Kule milimani ambako udongo ni mchachu, mkulima huambiwa amwage majivu au chokaa, na ni ushauri mwema kwao. Hapa kwetu usimwage majivu. Udongo wenye chokaa nyingi hufunga madini ya chuma, mmea ukashindwa kuyanywa ijapokuwa yamo, na utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Dawa yake ni samadi iliyooza vizuri na mboji, kwa wingi. Chimba shimo la nusu mita kwenda chini na upana huohuo, toa mawe, jaza nusu yake samadi ya mbuzi au ya ng'ombe iliyokaa miezi, nusu udongo. Ya kuku ni kali, itumie kidogo, na iwe imeoza kabisa. Mbolea ikizidi ile ya kukuza majani, mmea utatambaa mpaka kwa jirani bila tunda la maana.

Ukikutana na mwamba kabla ya nusu mita, usishindane nao. Chukua gunia la kilo 90, lijaze mchanganyiko huohuo, ulisimamishe. Kwenye paa la gorofa hakikisha kwanza paa linabeba uzito huo, kwa sababu udongo uliolowa ni mzito mno, na magunia yaweke juu ya kuta, si katikati. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yakichanganywa na udongo hushika maji vizuri ajabu, nayo hapa mjini hutupwa bure. Machicha je? Yasiende mbichi kwenye shina, yataleta panya na siafu. Yapitie kwanza kwenye lundo la mboji.

Mbegu zipandwe palepale zitakapokulia, tatu katika shimo, urefu wa pingili moja ya kidole kwenda chini, kisha uache mche mmoja ulio imara. Mizizi ya tikiti haipendi kusumbuliwa. Ukilazimika kuanzia kwingine, tumia pakiti tupu za maziwa, na uhamishe mapema, mche ukiwa na majani mawili matatu ya kweli, udongo wake usipukutike.

Maji ndiyo mtihani wa kisiwa hiki. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, limekuwa likituletea maji tangu 1957 kutoka zaidi ya kilomita 200, na mitambo ya Baricho inatuletea mengine, lakini sote tunajua mfereji hutoa maji kwa zamu, na siku nyingine mgeni ni yule kijana wa mkokoteni na mitungi yake. Visima tunavyo, na vingi vina chumvi. Nami nasema wazi: mche mchanga usimwagiliwe maji ya kisima cha chumvi. Huko utotoni ndiko unakoumia zaidi. Ukishakomaa utavumilia maji yaliyochanganywa na ya mfereji, mradi yasimwagwe juu ya majani, na kila baada ya siku kadhaa upewe maji matamu mengi ya kusukuma chumvi chini.

Nyumba zetu zina chanzo cha maji ambacho tunakiachia kiingie karoni. Familia ya watu sita, udhu mara tano kwa siku, hakuna sabuni ndani yake. Weka karai chini ya mfereji wa kutawadhia, na jioni una maji safi ya kutosha mitikiti miwili mitatu. Ya kuoshea mchele pia yafaa.

Lakini kuliko wingi wa maji, kinachohitajika ni yaje kwa mpango. Tunda likikaushwa siku nne kisha likafurikishwa, kitako chake huoza, au ganda likapasuka. Watu wakiona kitako kimeoza husema mmea umekosa chokaa, wakaongeza. Chokaa tunayo tele, matumbawe yenyewe ni chokaa. Kilichokosekana ni maji ya kuifikisha tundani kila siku. Tandaza makuti makavu au nyasi juu ya udongo, unene wa kiganja, na ufukie chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu madogo kando ya shina, uijaze asubuhi. Kisha wiki ya mwisho kabla ya kuvuna, punguza. Si kuuacha mmea unyauke, ila punguza, maana maji mengi siku hizo huizimua sukari uliyoingojea mwezi mzima.

Wiki za mwanzo za maua huleta simu nyingi. Maua yametoka, yote yameanguka, nifanye nini? Usifanye kitu. Mtikiti hutanguliza maua dume, na ua dume kazi yake ni chavua, likishamaliza huanguka. Siku chache baadaye yatakuja majike, nayo utayatambua kwa kitikiti kidogo mfano wa shanga chini ya petali zake. Ua jike hufunguka alfajiri na maisha yake ni asubuhi hiyo moja, mchana limejifunga. Nyuki lazima afike, na si mara moja, kwa sababu chavua ikiwa chache tunda hupinda upande mmoja au hukauka changa. Mjini nyuki ni wachache na dawa za kupuliza ni nyingi, kwa hiyo ukitoka kuswali alfajiri, pitia bustanini kabla jua halijawa kali. Chuma ua dume lililofunguka siku hiyo, vua petali zake, ulipake taratibu katikati ya ua jike, sehemu zote tatu za ndani. Tumia madume mawili kwa jike moja. Halafu ndiyo uzi na kalenda.

Adui mkubwa baada ya hapo ni inzi wa matunda wa jamii ya matikiti na matango, mwekundu wa kahawia mwenye mistari ya manjano. Hudunga tunda likiwa changa, hutaga mayai ndani, na ukija kuona alama nje, funza wameshakula nusu. Kituo cha icipe cha Nairobi, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimewafanyia inzi wa matunda utafiti wa miaka mingi, na jambo moja ambalo mwenye bustani ndogo analiweza bila dawa ni usafi: tunda lililodungwa lisiachwe chini wala lisitupwe jaani, kwani funza huingia udongoni akatoka inzi. Litie ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana, liache juani siku kadhaa. La pili ni kulifunika tunda likiwa bado saizi ya yai, kwa kipande cha chandarua kikuukuu au mfuko wa gazeti, baada ya ua kunyauka.

Na kurabu. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kuondoa taka, wakaenea pwani nzima, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kupunguza milioni moja kati yao. Bado wapo, na wanaijua bustani yako. Watang'oa mche kutafuta mbegu, watatoboa tunda kutafuta maji. Kile chandarua cha inzi kitasaidia, na wiki ya mwisho lifunike tunda lenyewe kwa nyasi au kapu la makuti lisionekane kutoka juu.

Mbegu sasa. Tikiti ni tunda la Afrika. Mbegu zake zilikutwa ndani ya kaburi la Farao Tutankhamun wa Misri, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ndugu wa karibu zaidi wa tikiti tamu ni tikiti la Kordofan, Sudan. Huko kaskazini-mashariki ya bara letu ndiko wakulima walikoanza kuchagua, kizazi baada ya kizazi, yasiyo machungu. Kutoka hapo lilikwenda India, likafika Uchina, likavuka bahari. Leo linaturudia ndani ya pakiti zenye majina ya Marekani: Charleston Gray ya mwaka 1954, Crimson Sweet iliyotoka Kansas mwaka 1963, na Sugar Baby, ndogo, ya kijani kiwivu, kilo 3 mpaka 5. Kwa uani wa Tononoka mimi nachagua Sugar Baby bila kusita. Inaiva mapema, haitambai mbali, na inaenea kwenye friji.

Ukinunua, angalia kibandiko cha KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, kwangua namba yake na uitume kwa ujumbe wa simu ukajua kama mbegu ni halali. Kupanda mbegu ulizotema kutoka tikiti la sokoni sikushauri, si kwa kuwa hazioti, ila matikiti mengi ya sokoni ni chotara, na watoto wa chotara hawamfuati mzazi. Wengine huniambia tikiti lao limepooza kwa sababu lilipandwa karibu na boga au tango. Si kweli. Tikiti halizaliani na boga wala tango. Hata likichavushwa na tikiti la aina nyingine, kinachobadilika ni mbegu za ndani, si nyama utakayoila mwaka huo. Panda boga lako palipo na nafasi.

Siku zimetimia. Kabla ya kukata, tazama kile kijikamba kilichojisokota mkabala na kikonyo cha tunda: kikikauka mpaka kwenye shina, ni dalili nzuri. Ligeuze kidogo uone doa pale lilipolalia; doa jeupe ni bado, la manjano ya siagi ni tayari. Ngozi itakuwa imepoteza mng'ao. Watu hupenda kuligonga, na mwenye sikio la uzoefu anasikia mlio mzito wa ndani, lakini mimi naamini doa na tarehe kuliko mlio. Kata kwa kisu asubuhi, acha kikonyo kirefu kidogo.

Ikiwa aina yako si chotara na tunda limekuridhisha, weka mbegu. Zioshe utelezi wote uishe, zianike kivulini kwa wiki moja, kisha zitie ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana pamoja na kitambaa kidogo cha mchele mkavu, kwa sababu unyevu wa bahari yetu huua mbegu upesi kuliko panya. Zikikaa kavu zitaota hata baada ya miaka minne. Na kama jirani amepanda aina nyingine upande wa pili wa ukuta, tunda la mbegu lichague kabla halijazaliwa: jioni, lile ua jike linalotazamiwa kufunguka kesho lizibe kwa kipande cha uzi laini, na madume mawili vilevile. Alfajiri yafungue, yachavushe kwa mkono, ulizibe tena jike mpaka kesho yake, nyuki asije na chavua ya kwa jirani.